Kutibiwa na Tajiri Si Kulipwa Fidia

Kuna sentensi utaisikia Mafinga, utaisikia Makambako, na ukishuka Mbarali kwenye mashine za mpunga utaisikia vilevile kila anapotajwa mtu aliyekatwa na mashine: "Lakini tajiri wake ni muungwana, amemtibu." Husemwa kwa sauti ya kufunga mjadala. Kijana kapoteza vidole vitatu, tajiri kalipa bili ya hospitali, katoa na chochote cha kuanzia maisha, basi. Anayeuliza swali la pili anaonekana mchochezi.

Swali la pili ni hili: hivi ile bili ilikuwa ya tajiri? Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri, awe wa umma au wa binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mfanyakazi hachangii hata senti. Akiumia kazini, Mfuko unagharamia matibabu, unamlipa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, unamlipa fidia akibaki na ulemavu, na akifa unawalipa wategemezi wake. Kwa hiyo tajiri anayetoa pesa mfukoni mwake kumtibu mtu wake analipia kitu ambacho kilikwisha kulipiwa, au kilipaswa kiwe kimelipiwa. Mfanyabiashara hafanyi hivyo bila sababu. Nadhani sababu yenyewe inaeleza mengi kuhusu hali ya wafanyakazi wa mashine huku kwetu kuliko hotuba zote za usalama mahali pa kazi.

Kwanza mashine yenyewe, maana ajali zinasimuliwa kama mapenzi ya Mungu na watu ambao hawajawahi kuikaribia. Nyanda za Juu Kusini ndiko mbao za nchi hii zinakotoka kwa wingi. Shamba la Miti Sao Hill lililoko Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na kulizunguka, kuanzia Kilolo hadi Njombe na Makete, wananchi wamepanda misindano na milingoti yao wenyewe. Sehemu kubwa ya miti hiyo haifiki kwenye kiwanda chenye kuta na geti. Inapasuliwa na ding dong: benchi la chuma, msumeno wa duara katikati, injini ya dizeli pembeni, na mkanda mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye msumeno. Mashine inavutwa hadi shambani, inafungwa palipo sawa, kazi inaanza. Mmoja anasukuma gogo kwa mikono na nyonga, mwenzake anasimama upande wa pili kupokea ubao. Kati ya tumbo la anayesukuma na meno ya msumeno hakuna kitu ila gogo lenyewe, na gogo linazidi kupungua.

Mashine nyingi za namna hii ukizitazama utakuta msumeno uko uchi. Kava lilikuwepo au halikuwepo tangu inaundwa, lakini halipo sasa, kwa sababu gogo nene halipiti chini yake na kulifungua na kulifunga kunakula muda. Nyuma ya msumeno panapaswa kukaa bamba jembamba la chuma linalouzuia ubao usijibane kwenye msumeno baada ya kupasuliwa. Msindano mbichi una tabia ya kujibana. Ukijibana bila bamba lile, msumeno unaushika ubao na kuurusha kwa kasi kumrudia aliyekuwa anausukuma. Hapo ndipo watu wanapovunjwa mbavu, au mkono uliokuwa umeegemea ubao unaangukia kwenye meno. Mkanda nao uko wazi, na shati lisilofungwa vifungo au kanga ya mama anayezoa maranda ni chakula chake. Halafu kuzima. Hakuna kitufe jirani na anayesukuma. Kuna mtu anapaswa kukimbia hadi kwenye injini, na hata ikizimika msumeno unaendelea kuzunguka kwa uzito wake.

Hapa niseme jambo ambalo wakaguzi wa kujitwika hawalipendi. Kila ikitokea ajali, wa kwanza kufika huuliza kama majeruhi alikuwa amevaa glavu. Glavu kwenye msumeno unaozunguka si kinga. Jino likishika kitambaa au ngozi ya glavu, linavuta mkono mzima ambao pengine ungepata mkwaruzo tu. Swali lilipaswa kuwa kava liko wapi. Lakini glavu ni bei rahisi, na zaidi ya hapo zinahamisha lawama kutoka kwenye mashine kwenda kwa mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, haikuanzia kwenye glavu. Inamtaka mwenye mahali pa kazi afunike sehemu za hatari za mashine, asajili eneo lake la kazi, na atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. Mashine kwanza, mavazi baadaye.

Na juu ya mashine kuna malipo. Wapasuaji wengi hawalipwi kwa siku wala kwa mwezi, wanalipwa kwa ubao. Mvua za masika zikikaribia, au lori la Dar es Salaam likiwa limeegeshwa linasubiri mzigo, kila dakika ya kunoa msumeno ni pesa inayopotea. Msumeno butu unalazimisha mtu asukume kwa nguvu zaidi, na anayesukuma kwa nguvu zaidi ndiye anayeangukia mbele ubao unapoachia ghafla. Ajali ile inayoitwa uzembe wa saa kumi jioni ilishaandaliwa tangu asubuhi na namna watu wanavyolipwa. Sisemi wapasuaji hawana makosa. Wapo wanaofanya kazi na konyagi kichwani, na kila anayepita Kinyanambo jioni anajua. Lakini mfumo wa fidia wa sasa haukujengwa juu ya kutafuta mwenye kosa. Ajali ikitokea kazini na kwa sababu ya kazi, fidia ipo. Sheria inamnyima mtu pale tu ajali inapotokana na utovu wa nidhamu wa makusudi na uliokithiri, na hata hapo kama amepata ulemavu mkubwa au amekufa na kuacha wategemezi, mlango haufungwi.

Watu wazima watakumbuka tulikotoka. Sheria ya zamani, iliyorithiwa kwa mkoloni, iliweka ukomo wa fidia kwa shilingi, na shilingi ikaporomoka huku ukomo ukibaki palepale. Mwishoni aliyelemaa kabisa alikuwa na haki ya kulipwa Sh 108,000 na si zaidi. Kwa kiasi kile, tajiri aliyetoa laki tatu kwa huruma kweli alikuwa muungwana kuliko sheria. Tabia yetu ya kusifu huruma na kudharau haki ilizaliwa zama hizo, na ilikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba sheria imebadilika na tabia haijabadilika.

Leo hesabu ni nyingine. Mfanyakazi aliyeumia asiweze kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, na malipo hayo yanaweza kwenda hadi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anapima kiwango chake kwa asilimia kufuata jedwali la sheria. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, analipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, anapata pensheni ya kila mwezi. Chukulia mpasuaji anayeingiza Sh 700,000 kwa mwezi, amekatwa mkono, na ulemavu wake umepimwa asilimia 50. Asilimia 70 ya kipato ni 490,000, nusu yake ni 245,000. Hiyo ni kila mwezi. Iweke kando ya laki nne za mara moja zinazotolewa sebuleni mbele ya wazee, uone nani kamsaidia nani.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, katika kijiji cha Mufindi ambacho sitakitaja. Kijana alikuwa amepoteza vidole vya mkono wa kulia. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, mwenye mashine alikuja na mwenyekiti wa kitongoji na soda kreti moja. Mazungumzo yalikwenda kwa adabu sana. "Mnyalukolo, haya ni mambo ya Mungu, na sisi ni ndugu, kesho tutazikana," alisema mwenye mashine, na sidhani alikuwa anadanganya. Karatasi ikachanwa kwenye daftari la shule, ikaandikwa kwamba fulani amepokea Sh 400,000 na hana madai mengine yoyote. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, kwa hiyo akaweka dole gumba la kushoto. Nilipoomba kuona karatasi za hospitali, cheti kilionyesha amekatwa na shoka akichanja kuni nyumbani. Aliyempeleka hospitali ndiye aliyemweleza mhudumu hivyo. Kijana mwenyewe alikuwa anatokwa damu, hakuwa na nafasi ya kusahihisha.

Kreti ile ya soda ilikuwa sehemu ndogo ya kikao. Kazi kubwa ilikuwa imefanywa na neno shoka. Laki nne zilinunua utulivu, lakini shoka lilifuta ajali ya kazini. Bila ajali ya kazini hakuna taarifa, bila taarifa hakuna dai. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba baada ya kuarifiwa, na dai lenyewe lina miezi 12 tangu siku ya ajali. Kijana aliyelala nyumbani akisubiri kidonda kipone, huku akiambiwa na kila mjomba amshukuru tajiri, anaweza kuipoteza miezi hiyo bila kujua kwamba kulikuwa na saa inayohesabu. Ile karatasi ya daftari yenyewe si kitu cha kuogopa sana. Mfuko haukuwepo kwenye kikao, haukusaini, na haki inayodaiwa kwake haiwezi kumalizwa na watu wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Kinachoumiza ni kwamba aliyesaini anaamini imemalizwa.

Sasa kwa nini mwajiri atoe laki nne zake wakati kuna mfuko? Wengi hudhani ni ubahili wa michango. Sikubaliani. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Kikosi cha watu sita wanaolipwa wastani wa Sh 500,000 kinamgharimu mwenye mashine Sh 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni hela ya lita chache za dizeli, na injini yake inameza zaidi ya hizo kwa siku moja. Ubahili peke yake hauelezi.

Nadhani kinachomwogopesha ni mlango. Akitoa taarifa ya ajali moja, ataulizwa orodha ya wafanyakazi. Orodha ikionekana, Afisa Kazi atauliza mikataba, NSSF watauliza michango yao, TRA watauliza kodi ya mishahara, na OSHA watataka kuona kava ambalo halipo. Mwenye ding dong moja anaishi nje ya madaftari yote hayo kwa mpigo, na ajali ndiyo kamba pekee inayoweza kumvuta ndani kwa mpigo. Kwa hiyo anachonunua kwa laki nne si ukimya kuhusu kidole. Ananunua kutoonekana. Kwa bei hiyo, ni biashara nzuri mno kwake. Ndiyo maana kampeni za kumwambia kwamba mchango ni mdogo hazimgusi, kwani mchango haukuwa tatizo lake tangu mwanzo.

Na yeye mwenyewe atakwambia si mwajiri. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kweli, na ndipo wanasheria wetu wa mikoani wanapopaswa kufanya kazi zaidi ya kuandika hati za viwanja. Kwenye shamba moja la misindano unaweza kumkuta mwenye mbao aliyenunua miti, mwenye mashine aliyekodishwa, na kiongozi wa kikosi aliyekusanya vijana sita kutoka kijijini kwao. Mwenye mbao anasema aliajiri mashine. Mwenye mashine anasema alielewana na kiongozi wa kikosi. Kiongozi wa kikosi naye ni kibarua mwenye kelele zaidi kuliko wenzake. Mtu akikatwa, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na majeruhi anabaki deiwaka asiye na bosi.

Lakini sheria iliwahi kuliwaza jambo hili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo upo hata mmoja kati ya viashiria inavyovitaja. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na huyo mwingine? Je, saa zake zinapangwa naye? Je, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, anamtegemea kwa riziki, au anatumia vifaa vyake? Mpasuaji anaingia karibu kwenye kila kimoja. Saa 45 za mwezi anazimaliza ndani ya wiki moja. Msumeno si wake, saa ya kuanza si yake, na ubao ukipindana si yeye anayeamua kama utahesabiwa. Mzigo wa kuthibitisha kwamba si mwajiriwa ni wa hao wanaomkana. Mkataba wa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na kukosekana kwake hakuwezi kugeuzwa kuwa silaha ya mwajiri huyohuyo.

Upande mwingine wa tatizo uko kwenye viwanda vilivyosajiliwa, vile vya mbao za tabaka na vya nguzo vilivyojaa kandokando ya barabara kuu ya Tanzam. Huko majina yapo kwenye orodha, lakini je, kipato kilichoandikwa ndicho kinacholipwa? Rudi kwa yule wa 700,000. Kama mwajiri amepeleka kwa Mfuko mshahara wa msingi wa 450,000 na kinachobaki anakiita posho ya uzalishaji inayolipwa mkononi, asilimia 70 inakuwa 315,000 na nusu yake 157,500. Tofauti ni Sh 87,500 kwa mwezi, zaidi ya milioni kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Wafanyakazi wengi wanafurahia posho ya mkononi kwa sababu haikatwi kodi. Siwalaumu, ila wajue wanachokiuza. Fidia inapimwa siku ile karatasi ya mishahara inapoandikwa, muda mrefu kabla msumeno haujamgusa mtu.

Mbeya sina mengi ya kuongeza, isipokuwa kwamba mashine zimebadilika sura na hadithi imebaki ileile. Kule Ubaruku na Igurusi ni mikanda ya mashine za kukoboa mpunga, na wanaoumia wamo pia akina mama wanaofagia chenga na kukusanya pumba, ambao hata kwenye lugha ya wenye mashine hawaitwi wafanyakazi. Wanaitwa "wale akina mama." Malipo yao ni pumba au debe la chenga. Mtu anayelipwa kwa chenga ana haki gani? Kwa kifungu nilichokitaja, hoja yake ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, maana saa zake na mahali pake pa kazi panapangwa na mwenye mashine. Lakini itabidi mtu aipeleke mbele, na sijaona dalili. Chunya kwenye makarasha ya mawe ya dhahabu kuna mambo yake ambayo yanahitaji makala nyingine.

Kinachosahaulika zaidi ni siku ya kurudi kazini. Watu hupigania pesa ya matibabu, kidonda kikipona wanadhani kesi imekwisha. Mpasuaji mwenye vidole viwili anarudi, anaambiwa hakuna kazi nyepesi hapa, msimu ujao tutakuita. Haitwi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri atafute namna ya kumbadilishia kazi au mazingira aliyepungukiwa uwezo kabla ya kufikiria kumwachisha, na zinasema wazi kwamba aliyeumia kazini ajitahidiwe zaidi kuliko wengine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na walau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Kiwanda kinachozalisha ulemavu hakipaswi kuhangaika kutafuta hao asilimia 3. Kuhesabu mbao, kupanga mzigo kwa daraja, kushika daftari la lori, zote ni kazi za kiwandani ambazo mkono mmoja unaziweza. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 za mtu aliyetoka hospitali hazifiki mbali.

Wengi wataniambia suluhisho ni elimu. Tumeshasikia elimu, na mabango yapo. Chama cha wafanyakazi kingesaidia zaidi, TUICO kwenye viwanda na TPAWU kwenye mashamba, lakini kikosi cha watu sita kinachohama shamba kila wiki tatu hakina mahali pa kubandika tangazo la mkutano. Mkaguzi wa OSHA naye hawezi kuzunguka kila bonde la Mufindi na Kilolo akifuata mlio wa injini.

Ila kuna kitu ambacho serikali inakifuata bila kukosa hata kimoja: ubao. Gogo haliondoki Sao Hill bila kibali cha kuvuna. Mbao hazipiti kizuizi cha barabarani bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hata kama zimetoka kwenye shamba la babu yako. Halmashauri inachukua ushuru wake, TFS, wakala wa serikali wa misitu, inachukua haki yake, na karatasi zote hizo zinamjua mwenye mbao kwa jina na kwa namba ya simu. Nchi inayoweza kujua kipande cha mbao kimetoka shamba gani inaweza kumuuliza mwenye mbao, palepale dirishani anapolipia, mashine iliyopasua ni ya nani na namba yake ya usajili WCF ni ipi. Hakuna haja ya mkaguzi mpya hata mmoja. Asiye na namba, asipewe hati. Mwenye mbao mwenyewe atakuwa mkaguzi, kwa sababu atakataa kukodi mashine itakayomkwamisha mzigo barabarani.

Najua pingamizi litakalokuja, na si la kijinga. Wenye mashine moja moja watasema tunawasukuma wafunge, na vijana wapoteze hata hicho kidogo. Kwa Sh 15,000 za mwezi sioni wa kufunga. Wa kuogopa kweli ni TRA na wenzake, na hapo serikali inaweza kutoa kitu: iwape muda wa kujisajili bila kufukuliwa ya nyuma, kama ilivyokwisha kufuta ada ya kusajili eneo la kazi kule OSHA na kupunguza riba ya kuchelewesha mchango wa WCF kutoka asilimia 10 hadi 2. Kava na bamba la nyuma ya msumeno ni kazi ya fundi wa kuchomelea wa hapo hapo mjini, haihitaji mkopo wa benki. Kama kuna mashine ambayo haiwezi kubeba gharama ya bamba la chuma, basi faida yake ilikuwa inatoka kwenye vidole vya watu.

Haya ya kibali yanahitaji uamuzi wa wakubwa na yatachukua muda. Aliyekatwa mwaka huu na akaweka dole gumba kwenye daftari hana haja ya kuyasubiri. Miezi 12 yake huenda bado inatembea. Aende kwa Afisa Kazi wa mkoa, Iringa, Njombe au Mbeya, achukue cheti cha hospitali hata kama kimeandikwa shoka, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama aliipata, majina ya waliokuwa naye kwenye benchi siku hiyo, na zile meseji za simu za pesa alizokuwa akitumiwa kila wikiendi na mtu anayesema hakumwajiri.